Kufufua Kamera na Projekta za Filamu za Nyumbani Mjini Lubumbashi

Katika nyumba nyingi za Kamalondo, za Katuba na za makambi ya zamani ya wafanyakazi wa migodi, kuna sanduku la chuma juu ya kabati ambalo hakuna aliyelifungua tangu mzee wa nyumba alipofariki. Ndani yake, chini ya vyeti vya shule na suti iliyoliwa na nondo, mara nyingine hulala kamera ndogo yenye ufunguo ubavuni, projekta nzito, na bobini tano au kumi za filamu ambazo wajukuu hudhani ni kanda za muziki. Vyombo hivyo viliingia mjini kwa njia nyingi. Vingine viliachwa na Wabelgiji walioondoka kwa haraka mwaka 1960, vingine vilinunuliwa na makarani, walimu na wakuu wa kazi waliotaka kuhifadhi harusi na ubatizo wa watoto wao, na vingine vilitoka katika misheni na makambi ya kampuni, ambako projekta za milimita 16 zilionyesha sinema uwanjani usiku.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu aliyepata sanduku la namna hiyo na anayetamani kuziona picha jioni hiyo hiyo. Namwomba asifanye hivyo, kwa sababu mimi nilifanya. Nilipopewa projekta ya mjomba wangu niliichomeka, taa ikawaka, mota ikazunguka, nikaona inatosha. Nikaweka bobini ya kwanza, iliyoandikwa kwa wino «Harusi, 1958». Baada ya nusu dakika filamu ilikwama. Bibi harusi alisimama ukutani, mkono umeinuliwa kushika shela, kisha doa la kahawia likaanza kifuani mwake, likapanuka hadi usoni, na kingo zake zikachemka kama ngozi ya maziwa jikoni. Picha sita ziliungua kabisa na nyingine nyingi zikajikunja. Bibi harusi yule ni mama mkubwa wangu, na alikuwa ameketi nyuma yangu.

Ndiyo maana hatua hizi zimepangwa hivi: filamu huchunguzwa kwanza, mashine hufuata, na picha za familia huwekwa kwenye projekta mwisho kabisa.

Hatua ya kwanza: kufungua sanduku

Chagua kiangazi, kati ya Mei na Septemba, kwa sababu wakati wa mvua hewa ya Lubumbashi huwa na unyevu mwingi na filamu iliyokauka kwa miaka huuvuta upesi. Kiangazi nacho kina ubaya wake, yaani vumbi jekundu, ambalo lina mchanga mwembamba unaokwaruza lenzi na filamu kama msasa. Funga madirisha, piga deki kwa kitambaa chenye maji siku iliyotangulia, na tandika shuka nyeupe safi juu ya meza. Kabla ya kutoa chochote, piga picha kwa simu kuonyesha kila kitu kilivyokaa, kisha nakili maandishi yote yaliyo kwenye visanduku na bahasha, pamoja na mihuri ya posta, maana filamu nyingi za rangi zilitumwa mbali kwa posta kusafishwa na tarehe ya muhuri mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa mwaka. Usitenganishe filamu na kisanduku chake hata kama kimechakaa.

Hatua ya pili: kuitambua filamu kwa jicho, kwa rula na kwa pua

Aina nne ndizo zinazopatikana zaidi. Filamu ya milimita 9.5 ya Pathé, iliyoanza mwaka 1922, hutambulika mara moja kwa kitundu kimoja kilicho katikati, kati ya picha na picha. Filamu ya milimita 16, ya Kodak, ilianza mwaka 1923. Ikiwa na vitundu upande mmoja tu na mstari wenye mawimbi upande wa pili, hiyo ina sauti. Kisha kuna mbili zinazochanganywa kila siku, na kosa hilo huharibu vitundu: milimita 8 ya kawaida, iliyoanza mwaka 1932, na Super 8 ya mwaka 1965. Upana wake ni mmoja, lakini vitundu vya milimita 8 ya kawaida ni vikubwa na vimekaa sawa na mstari unaotenga picha mbili, ilhali vya Super 8 ni vidogo na vimekaa katikati ya ubavu wa kila picha. Hata tundu la katikati ya bobini hutofautiana: la Super 8 ni pana zaidi. Projekta iliyotengenezwa kwa aina moja tu haiwezi kuonyesha nyingine.

Milimita 8 ya kawaida ina jambo lake la pekee. Ndani ya kamera ilikuwa filamu yenye upana wa milimita 16 na urefu wa mita 7.5, ambayo ilipitishwa mara mbili, kila nusu kwa zamu yake. Maabara ndiyo iliyoipasua katikati na kuunga vipande kuwa mita 15, ambazo kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde huchukua takriban dakika nne. Ukikuta filamu pana ambayo ina picha nne ndogo mahali pa moja, haijapasuliwa, na usiikabidhi kwa mtu mwenye mkasi.

Sasa inusie. Filamu hizi za nyumbani zilitengenezwa kwa asetati, ambayo haiwaki kwa urahisi kama filamu za kale za majumba ya sinema, lakini huoza kwa namna yake: asetati hutoa asidi, asidi huharakisha kuoza, na harufu inayotoka ni ya siki kabisa. Filamu yenye harufu hiyo itenge na nyingine mara moja, kwa kuwa mvuke wake huziambukiza zilizo nzima. Usiifungie ndani ya mfuko wa plastiki wala kopo la chuma lililoshika kutu. Ipe kisanduku cha karatasi ngumu chenye upenyo wa hewa, na uiandike ya kwanza katika orodha ya kunakiliwa, kwa sababu haitasubiri.

Baada ya pua, chukua rula. Filamu inayooza husinyaa, na iliyosinyaa haishikani tena na kucha, yaani kijino cha chuma kinachoivuta filamu picha baada ya picha, wala na magurudumu ya meno ya projekta, hivyo hupasuka. Laza kipande juu ya meza bila kukivuta, hesabu picha 100, pima. Milimita 8 ya kawaida iliyo nzima hufika milimita 381, Super 8 hufika 423, na milimita 16 hufika 762. Upungufu ukizidi asilimia 1, yaani ukipata chini ya 377 kwa milimita 8 ya kawaida, usiipitishe kwenye projekta yoyote iendeshwayo kwa kucha. Filamu hiyo ni ya kupelekwa kwa wenye mashine za kunakilia zisizotumia meno. Najua kuhesabu picha 100 ndogo kuliko ukucha kunachosha, na najua pia kwamba ndiyo dakika kumi zenye faida kuliko zote katika kazi hii.

Pembeni mwa filamu za Kodak tazama alama ndogo za mraba, duara au pembetatu. Zilionyesha mwaka wa kutengenezwa, lakini zilirudiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo alama ile ile inaweza kuwa ya 1938 au ya 1958, na ni lazima mavazi, magari na majengo yaamue. Rangi nazo husema: Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, hubaki imara iwapo imekaa gizani, ilhali aina nyingine nyingi hufifia na kugeuka waridi. Ukikuta Kodachrome iliyopigwa lakini haijasafishwa, usiahidi familia rangi, kwa sababu maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, huko Parsons katika jimbo la Kansas nchini Marekani, iliacha kuipokea mwishoni mwa mwaka 2010. Leo inaweza kusafishwa kuwa nyeusi na nyeupe tu.

Hatua ya tatu: kuihifadhi wakati unashughulikia mashine

Chumba chenye baridi kuliko vyote nyumbani, juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje, ndicho mahali pake. Dari chini ya mabati ndipo mahali pabaya kuliko pote. Jokofu silishauri hapa mjini, kwa sababu umeme unapokatika na kurudi, ubaridi na joto hupokezana na maji hujikusanya juu ya filamu. Watu wengine huweka mchele ndani ya kisanduku ili uvute unyevu, lakini mchele una unga na huita wadudu. Afadhali ukusanye vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Hatua ya nne: kamera

Kamera za ufunguo ni rahisi kufufuliwa kuliko za betri, na hapa nakiri kwamba nazipenda zaidi. Bolex zilizotengenezwa na Paillard huko Sainte-Croix, Uswisi, zimeundwa kwa chuma kizuri kiasi kwamba nyingi hukubali kazi baada ya miaka 40 ya kulala. Zungusha ufunguo mara tatu au nne tu, weka mwendo wa picha 16, bonyeza, na sikiliza. Mlio unaotakiwa ni wa sawasawa, kama cherehani ya fundi mzoefu. Ukipungua nguvu kisha ukasimama, mafuta ya ndani yameganda. Usiikimbize kwa mwendo wa juu bila filamu ndani, na kwa hali yoyote usifungue kopo la springi, maana springi hiyo ikifyatuka hukata vidole.

Fungua mlango wa kamera, elekeza lenzi dirishani na uiendeshe polepole huku ukitazama kwa nyuma: utaona mwanga ukifunguka na kufungika kwa shata, yaani kile kizibo kinachozunguka nyuma ya lenzi. Shata isikwame nusu. Ukiona lenzi ina nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Kuvu iliyo juu ya kioo cha nje huondoka kwa pamba laini yenye matone machache ya alkoholi safi, ukizungusha kutoka katikati kwenda kingoni, baada ya kupuliza vumbi kwa bomba la mpira. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate huacha madoa. Kuvu iliyo kati ya vioo viwili mwachie fundi wa lenzi, na lenzi hiyo usiilaze pamoja na nyingine.

Kwa kamera za betri, ambazo ni nyingi za Super 8, kazi kubwa ni chumba cha betri. Uchafu mweupe au wa kijani unaoachwa na betri za alkali hulainishwa kwa tone la maji ya limau kwenye kijiti cha pamba, ukafutwa, kisha mahali pale pakasafishwa kwa alkoholi na kukaushwa. Kipima mwanga cha kamera nyingine kilitumia betri ndogo ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Betri ya kifaa cha masikio aina ya 675, ya volti 1.4, huikaribia vya kutosha. Kipima mwanga chenye kioo cha vidoadoa kama jicho la nyuki hakihitaji betri yoyote, kwa kuwa hutumia seleni, na kikifa hakifufuki. Pima mwanga kwa simu na uendelee.

Hatua ya tano: projekta kabla ya umeme

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Andaa bisibisi, au turnevisi kama tunavyosema hapa, zenye ncha inayojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu. Andaa trei tupu ya mayai, na kila skrubu unayoitoa iweke kwenye shimo lake kwa mpangilio ili kurudisha kuwe ni kusoma trei kinyumenyume. Piga picha kila unapofungua kifuniko.

Anza na mikanda ya mpira. Katika projekta moja ya milimita 16 iliyotoka misheni, nilipofungua kifuniko cha nyuma sikuona mkanda wowote, bali lami: mpira uliokuwa mkanda ulikuwa umeyeyuka na kuzunguka gurudumu la mota kama ulimbo wa kutegea ndege, na mwingine ulikuwa umedondokea nyaya. Ilinichukua alasiri nzima, vijiti vya pamba mia moja na chupa ya alkoholi kuutoa, na kila kijiti kilitoka cheusi. Usiukwangue kwa kisu, kwa sababu gurudumu likipata jeraha mkanda mpya utaruka kila linapozunguka. Kipimo cha mkanda mpya hupatikana kwa kuzungusha uzi katika njia yake, kuupima, na kupunguza kama asilimia 5 ili upate mvuto. Na mkanda wenyewe sisi watu wa mji wa migodi hatuna haja ya kuuagiza ng'ambo: maduka yanayouza vipuri vya haidroliki vya malori na mashine za kuchimbia yana pete za mpira za kila unene, na muuzaji ukimwonyesha uzi wako atakupatia.

Kisha magurudumu ya meno ya ndani. Projekta nyingi za milimita 16 za Bell & Howell zinazojiwekea filamu zenyewe zina gia ya plastiki ambayo hupasuka kwa uzee hata kama mashine haikutumika. Itazame kwa kurunzi na uizungushe kwa mkono kupitia kitufe cha kuendeshea. Ukiona ufa, usiwashe mota kamwe, bali itoe kabla haijavunjika vipandevipande, ili mafundi wa kukereza vyuma wapate jino zima la kunakili. Wapo mjini wanaohudumia migodi na wenye mkono wa kazi hiyo.

Grisi ya zamani iliyogeuka nta ifute, weka kidogo nyeupe ya lithiamu kwenye gia za chuma, na tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano kwenye kila bereni (beringi). Tone moja. Mafuta yanayozidi hutapakaa mpaka kwenye filamu na kwenye magurudumu ya mpira yanayotakiwa kushika bila kuteleza. Mafuta ya mawese hayaruhusiwi hata kwa dharura. Nimefungua mashine ambayo mtu aliitia mawese kwa nia njema, na bereni zake zilikuwa zimeshikana kwa gundi nyekundu.

Mwisho wa hatua hii ni lango, yaani mlango mwembamba ambamo filamu hupita mbele ya taa ikibanwa na bamba lenye springi. Harusi ya mama mkubwa wangu iliungulia hapo. Nilipokuja kulisafisha nilikuta kwenye reli zake uvimbe mdogo, mgumu, mwangavu kama tone la sukari guru, usiozidi punje ya mtama: ni utando wa filamu za zamani uliojikusanya na kukauka. Kidonge hicho kidogo kinatosha kukwaruza mita 15 kwa mstari mmoja mrefu, au kuikwamisha filamu ikasimama mbele ya taa. Kilowanishe kwa alkoholi, subiri dakika mbili, kisha kisukume kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, kamwe si kwa chuma. Pitisha kijiti kikavu cha pamba juu ya reli. Reli zikinasa nyuzi za pamba, bado kuna kitu.

Hatua ya sita: umeme

Soma kibati nyuma ya mashine. Umeme wetu ni volti 220 wenye mizunguko 50 kwa sekunde, na projekta nyingi za Ulaya zina kichaguzi chenye 110, 125, 220 na namba nyingine. Hakikisha kiko mahali pake, kwa sababu huenda mwenyewe wa kwanza aliishi penye umeme wa 110. Mashine ya Marekani ya volti 110 huhitaji transfoma, na ikiwa mota yake hufuata mizunguko 60 itaenda pole kwa moja ya sita hata volti zikiwa sawa.

Waya wa kuchomekea ambao mpira wake umepasuka ubadilishe wote, usiufunge kwa gundi. Ikiwa ndani, karibu na taa, kuna nyaya zilizofunikwa kwa nyuzi za kijivu zinazomeguka kama majivu, huenda ni asbesto: usizisugue wala kuzipuliza, na kazi ya kuzibadilisha mpe fundi anayejua hatari yake. Kapasita za kale za karatasi zilizotiwa nta huvujisha umeme na kutoa moshi; zibadilishe kwa mpya zilizoidhinishwa kwa umeme wa nyumbani. Kisha, mashine ikiwa haijachomekwa na swichi yake ikiwa imewashwa, weka multimeta kwenye kipimo cha ohmu, gusisha mguu mmoja kwenye ncha ya plagi na mwingine kwenye mwili wa chuma. Lazima isome zaidi ya megohmu moja. Ikisoma chini ya hapo, mwili wa mashine unaweza kubeba umeme, na watoto watakaokuja kutazama sinema wataugusa.

Sasa tengeneza kinga ambayo kila fundi wa redio wa zamani aliijua: ampuli (balbu) ya kale yenye uzi, ya wati 100, iliyounganishwa kwa msururu kwenye waya mmoja kati ya ukuta na projekta. Toa taa ya projekta kwanza, ndipo uwashe. Ampuli ikiwaka kwa nguvu zake zote na mota haizunguki, kuna mahali umeme unagusana na hukuchoma chochote. Ikiwaka kisha ikafifia na mota ikaanza kuzunguka polepole, mashine ni nzima kwa upande huo, na unaweza kuiondoa ampuli. Taa ya projekta ya haloji usiishike kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi huifanya ipasuke. Ishike kwa karatasi safi.

Wengi wetu tunatumia jenereta au inveta ya jua. Inveta nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi laini, na mota za aina hii huvuma na kupata moto zikilishwa nazo. Kama huna inveta ya wimbi laini, subiri umeme wa mji.

Hatua ya saba: filamu isiyo na mwenyewe

Usijaribu kwa filamu ya familia. Tafuta kipande kisicho na thamani, tangazo la kale au mwanzo mweupe wa bobini, kiunge kiwe kitanzi kirefu na ukipitishe mara hamsini. Baada ya hapo kitazame chini ya mwanga wa mshazari: mkwaruzo mpya ukionekana, rudi langoni. Pima pia mwendo kwa kuweka alama ya kalamu, kuendesha sekunde 10 na kupima urefu uliopita. Milimita 8 ya kawaida kwa picha 16 hupita sentimita 61, Super 8 kwa picha 18 hupita 76, milimita 16 kwa picha 24 hupita mita 1.83.

Viungio vya filamu ya familia vikague kimoja kimoja kwa kukunja kidogo. Gundi ya zamani hukauka na kuachia. Viunge upya kwa utepe maalumu wa filamu, si ule wa ofisini, ambao gundi yake hutoka pembeni na kunata langoni.

Hatua ya nane: kupitisha mara moja, kunakili, na kuuliza

Filamu ya familia inapopita kwa mara ya kwanza, nakala ichukuliwe wakati huo huo. Onyesha picha ndogo, ukubwa wa karatasi ya kuandikia, juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa, na simu iwe juu ya kigoda chake karibu kabisa na lenzi ya projekta ili picha isipinde. Funga mwanga na fokasi katika programu ya simu inayoruhusu kuchagua mwenyewe, weka picha 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Projekta nyingi za nyumbani zina shata ya mapanga matatu; ukiziendesha kwa picha 16 na theluthi mbili kwa sekunde, mwanga hupiga mara 50 kamili na kule kumetameta kunakoudhi kunatoweka. Zungusha kitufe cha mwendo taratibu huku ukitazama kioo cha simu, na utaona picha ikitulia.

Nakala ndiyo inayokaa mbele ya wazee, kwa sababu nakala inaweza kusimamishwa na kurudishwa nyuma bila kuungua. Waketishe wawili au watatu pamoja, maana mmoja akisahau mwingine humkumbusha, na weka simu ya pili irekodi sauti, kwa kuwa filamu nyingi hizi hazina sauti yoyote. Mwandishi mmoja aandike namba ya bobini, dakika, na jina. Mama mkubwa wangu alitazama kile kilichosalia cha harusi yake kwa muda mrefu bila neno, kisha akasema, «Mwanangu, rudisha kidogo. Yule anayebeba sinia ni dada yangu, aliyefariki kabla hujazaliwa.» Hakuna picha nyingine ya huyo dada. Nyuma yake, juu ya paa, huonekana bomba la moshi la kiwanda na mlima mweusi wa mabaki ya shaba, na kwa jinsi vilivyokaa mzee mwingine alitambua uwanja wenyewe na barabara. Andika hayo yote. Weka nakala kwenye diski mbili katika nyumba mbili, na filamu yenyewe usiitupe.

Hatua ya tisa: kuzima

Zima taa kwanza, acha mota na feni vizunguke dakika tatu, usihamishe mashine taa ikiwa na joto. Kamera ya ufunguo iachie springi mpaka iishe kabla ya kuiweka. Ndani ya sanduku weka karatasi yenye aina ya taa, urefu wa mkanda na tarehe ya mafuta.

Na umeme ukikatika katikati ya filamu, kabla mtu hajatafuta mshumaa, zima swichi ya taa na ya mota. Umeme unaporudi taa huwaka papo hapo, ilhali mota huchelewa kushika mwendo, na picha iliyoko langoni ndiyo inayolipa. Fungua lango, toa filamu kwa mkono, irudishe nyuma kiasi cha mita moja, ipange upya na vitanzi vyake viwili, kile cha juu na kile cha chini ya lango, washa mota peke yake mpaka itulie, ndipo uwashe taa.